Chupa Isiyofika ku Meza

Kama unasoma hii ukiwa umekaa ku benchi ya kungoja, pale mbele ya mulango wa bluu, soma polepole. Hawatakuita sasa hivi. Mwaka wa ugonjwa wangu nilikaa pale siku nyingi kuliko siku nilizokaa kanisani, na ninajua: muuguzi akisema "kidogo tu, mama," uko na wakati wa kusoma yote na kurudilia.

Jina langu ni Masika. Ninakaa Beni, niko na watoto watatu, ninanunua kakao kwa walimaji na kuianika mbele ya nyumba. Shule nilifika darasa la sita, kisha baba akasema inatosha. Kwa hiyo maneno yakipindana, unisamehe. Niliandika siku kwa siku katika kaye ya shule ya binti yangu Furaha, kwa upande wa nyuma, na sasa ninatoa mule yale yanayoweza kusaidia mutu. Sijui kama ni haki miye kuandika. Wengine tulikaa nao ku benchi ile na leo hawapo. Labda wao wangesema vingine.

Ilianza wakati wa mvua, kakao ikiwa mingi. Nilikuwa nageuza mbegu juu ya shitingi, turubai ya plastiki, nikafuta jasho shingoni, kidole kikagonga kitu. Kilikuwa kama mbegu moja ya kakao chini ya ngozi, upande wa kushoto. Hakikuuma. Neno hilo ndilo nililojidanganya nalo: hakiumi. Mvua ilipokwisha kilikuwa kama yai la kuku, na jasho lilinilowesha hata asubuhi ya baridi. Katika kwaya niliimba nikiwa nimefunga kitambaa shingoni. Wenzangu walidhani ni urembo, na mumoja akanunua chake.

Mutu wa kwanza niliyemuonyesha hakuwa mume wangu. Alikuwa shangazi yangu Kavira, dada ya baba, anayekaa Mangina. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Yeye anajua miti. Si mufumu wa kupiga ramli, niliandike hilo wazi: ni mushemasi katika kanisa lake. Anajua miti kama vile mwingine anavyojua kushona. Alinigusa shingo, na kisha siku mbili akaniletea chupa ya mayi meusi, machungu kuliko kwinini.

Kwa chupa ile kulikuwa sheria mbili, alizopokea kwa bibi yake. Ya kwanza, usiionyeshe kwa munganga mwingine, kwa sababu dawa mbili zikionana zinagombana. Ya pili, usiseme asante. Ukishukuru dawa, inadhani kazi yake imekwisha, inakuacha njiani.

Muti wa dawa ile ulikuwa mwisho wa shamba lake, karibu na pori, mahali ambapo watu walikuwa wameacha kulima kwa sababu ya wale wenye silaha wanaoua. Wengine walikimbia kutoka kule. Shangazi alikuwa anaingia, anabandua maganda, anatoka. Ninyi munaosema "ungemukatalia tu," fikirini hilo kwanza. Mutu anakuletea maisha yake ndani ya chupa, utamuambiaje kwamba hautaki?

Mume wangu Kambale ni fundi wa kujenga, hasemi mingi. Siku aliyoona shingo yangu aliweka mwiko chini.

"Mama Furaha, kesho tunaenda Butembo."

"Shangazi ananitunza."

"Atunze. Lakini kesho tunaenda Butembo."

Ku lopitali ya Butembo walinikata kidogo shingoni, nyama ikatumwa mbali, ng'ambo ya mupaka. Tuliambiwa tungoje. Majuma matatu niliogopa simu ya Kambale kuliko mulio wa risasi. Ikilia, natoka inje. Na ilikuwa inalia kila saa, watu wakitaka tu matofali.

Jibu lilipokuja lilikuwa kansere ya tezi. Aliyeniambia ni munganga mwanamuke, tutamuita Docteur Clarisse. Hakuzunguka. Alisema iko na dawa, shimio, ya kutiwa ku mushipa, mara sita, kila majuma matatu mara moja, na kwamba kansere ya namna yangu inaweza kusikia dawa. Kisha akasema kitu nisichotazamia: "Siku ya tatu ya juma, ukikuya, ulete byote unakunywaka. Bya shamba, bya kanisa, bya soko. Utabiweka ku meza."

Mujini watu walikuwa wanaicheka kazi yake. Waliiita "lopitali ya chai." Kwa maana yeye, aliyesomea kansere miaka mingi, alikuwa na meza ndefu katika baraza, na kila siku ya tatu wagonjwa waliweka pale majani, asali, mafuta ya maombi, unga kutoka soko, na yeye anapita akiuliza na kuandika. Mbele ya kututia serumu ya shimio, muuguzi mumoja mwenye umri, Mama Jeanne, alikuwa anatufundisha kupumua polepole, anatusugua miguu, anatutembeza uani. Nami nilicheka moyoni mara ya kwanza. Nilifikiri: kama dawa yao ingekuwa na nguvu, wangehitaji kutusugua miguu?

"Miye si polisi ya majani," Docteur alituambia. "Hapa hatumwangake dawa ya mutu. Lakini shimio iko nguvu sana, na maini njo inaisafisha. Kama unapatia maini kazi ingine, unijulishe. Basi."

Akaanza kupita. Tangawizi yangu alisema niendelee, itanisaidia na kichefuchefu. Asali, sawa, kwa kinywa. Unga wa soko uliomuahidi mama mumoja kupona magonjwa yote, huo alisema hapana, na mama yule alikasirika mpaka akalia. Muzee mumoja wa Alimbongo aliweka chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi.

"Na hii, papa?"

"Hii haiko dawa, docteur. Hii ni mulinzi wangu."

"Basi mulinzi abakie inje, ku mulango."

Tulicheka wote, hata yule mama. Docteur akafika kwangu tena.

"Mama Furaha, njo byote?"

"Njo byote."

Chupa ya Shangazi ilikuwa ndani ya kapu, chini ya kikwembe cha kujifunga, karibu na muguu wangu.

Kambale alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilisikia anavuta pumzi. Tulipotoka aliniambia, "Nimekudanganyia leo kwa kunyamaza. Hapana kuniomba tena." Nikamuapisha kwa jina la watoto. Ninaandika hii ili haki ikae mahali pake: yeye alitaka kusema, miye ndiye niliyemufunga kinywa.

Serumu ya kwanza ilikuwa nyekundu kama mayi yaliyochanganywa na damu. Nilipokwenda msalani nikaona mukojo wangu mwekundu, nikapiga kelele, Mama Jeanne akakimbia. "Ni dawa inatoka, mama. Tulikuambia." Kweli waliniambia. Hofu inakula masikio. Kama wewe ni mugonjwa mupya, enda na mutu wa kusikia kwa niaba yako.

Siku ya kumi na sita nywele zilibaki ku kitambaa. Harufu ya kakao inayochacha, harufu iliyonilisha tangu usichana, ilinitapisha. Kambale akahamisha shitingi zote kwa jirani. Vidonge walivyonipa pamoja na shimio vilinivimbisha uso ukawa mviringo. Sokoni Beni wanawake walinisalimia, "Unanenepa, Mama Furaha! Mungu asifiwe!" Ningewajibu nini? Nilisema amina.

Watoto walianza kuniogopa kidogo. Hapa kwetu, mutu akivimba na kuwa na homa, tunakumbuka mwaka ule wa Ebola, watu walioingia katika hema na hawakutoka. Furaha aliniletea chakula, akakiweka mulangoni, akarudi nyuma. Sikumulaumu. Nilikula nikimutazama, naye akanitazama kwa mbali, na kisha siku chache akasogea mwenyewe.

Lakini kitu cha shingoni kilishuka. Kwa serumu ya pili kilikuwa kama njugu. Kwa ya tatu, kama punje ya muchele, nikawa nakitafuta. Nikasema: ni shimio. Kisha nikasema: ni chupa. Kisha nikasema: ni zote mbili, nisiguse kitu. Kila asubuhi kikombe kimoja, kila jioni kikombe kimoja.

Mbele ya serumu ya ine, Furaha alinitazama juani. "Mama, macho yako iko rangi ya papai."

Nilijua mbele ya labo kusema. Docteur Clarisse alisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Leo siwezi kukutia shimio. Maini yako imechoka sana. Nikikutia, naweza kukuuwa miye mwenyewe."

"Na nisipotiwa?"

Aliikunja karatasi, akaiweka chini. Hilo lilikuwa jibu.

"Tutangoja, tutapima tena. Mama Furaha, nakuuliza tena. Kuko kitu hakikufika ku meza?"

Naandika hii kwa haya. Nilimutazama machoni, na macho yangu ya manjano, nikasema, "Hapana, docteur."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Niliogopa Docteur atanifukuza. Niliogopa dawa ikionyeshwa itakufa, na kama ndiyo iliyokuwa inaniponesha, je? Na zaidi ya yote niliogopa kwamba Shangazi alikuwa anaingia kule porini bure. Hilo lilikuwa zito kuliko maini.

Nilibaki Butembo katika chumba cha wageni wa kanisa. Kambale alirudi Beni kuangalia watoto. Siku zilipita, macho yakazidi. Siku ya sita nikiwa pale niliweka kidole shingoni, pale ambapo palikuwa tupu, nikapata mbegu ya kakao. Ile ile. Nilikaa kitandani nikashikilia godoro kwa mikono miwili, kama vile mutu angenivuta. Nilihesabu: huyu anarudi, na mulango wa shimio umefungwa, na miye ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo niko nakunywa asubuhi na jioni. Lakini sikuwa na hakika. Hata leo siko na hakika kamili.

Siku ileile, kisha chakula cha mchana, mulango ukabishwa. Ni Shangazi. Miguu yake ilikuwa imekwaruzwa mpaka magoti, kiatu kimoja kilikuwa cha mutu mwingine.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Ni miiba. Jana kulikuwa mulio wa risasi kule shambani. Nikaingia mu mufereji asubui, nikatoka jua ikianza kulala. Hawakuniona." Akafungua kikwembe, akatoa chupa, akaifuta kwa kiganja. "Haikumwangika hata kidogo. Kunywa, mutoto wangu. Na hapana asanti."

Niliishika. Ilikuwa bado na joto la mwili wake. Nikasema nitakunywa kisha chakula. Alilala pale pale juu ya mukeka, na miye nikakaa kumutazama akipumua, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze niliogopa kwa ajili ya mutu mwingine. Nilijua nikipona kwa njia hii, atarudi shambani. Na nisipopona, atarudi mara nyingi zaidi.

Kesho yake ilikuwa siku ya tatu ya juma. Nikamuomba anisindikize. Sikumuambia kwa nini, na hapo nilimukosea. Ningemuambia kwanza chumbani, sisi wawili. Niliogopa akinitazama tu, nitashindwa.

Docteur alipofika mbele yangu, niliingiza mukono katika kapu, nikatoa chupa, nikaiweka ku meza.

Benchi yote iligeuka kutazama. Hata watu wasiojua kitu walijua.

"Masika," Shangazi alisema. "Unafanya nini?"

"Unihurumie, Shangazi."

"Nilikaa siku muzima mu mufereji juu ya hii. Na weye unaianika mbele ya batu kama samaki ya soko?"

Docteur Clarisse aliitazama chupa, akanitazama miye, na uso wake ukaonyesha hasira, nisidanganye. Ilipita. Akasimama, akamupa Shangazi kiti chake, yeye mwenyewe akaja kukaa ku benchi yetu ya mbao.

"Mama, jina ya muti siulize. Ile ni yenu. Niambie tu, anakunywaka mara ngapi?"

Shangazi alitazama njia ya kutokea, nikadhani ataondoka.

"Kikombe asubui, kikombe jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele akuye kwenu. Na nilishaponesha batu nayo. Si mumoja, si babili."

"Sikatae. Bale batu, balikuwa na shimio mu mwili?"

"Kwetu shimio haikukuwaka."

"Na juu ya nini hamukutuonyesha?"

"Dawa mbili zikionana zinagombana," Shangazi alisema, kama mutu anayemufundisha mutoto. "Bibi yangu alisema. Njo maana hatuonyeshake."

Docteur aliinamisha kichwa. 

"Bibi yako alisema kweli, mama. Lakini ndani ya Masika, hizi mbili zinakutana wapi?"

Shangazi alinigeukia. Alitazama macho yangu, akayatazama kweli, rangi yake. Mikono yake ilianza kutafuta kitu cha kushika.

"Kumbe," alisema polepole. "Tuliwaficha wasionane ku meza. Kumbe beko mu nyumba moja, banagombana, na mutoto wangu eko katikati."

"Sijue kama ni chupa njo iliumiza maini," Docteur alisema. "Siwezi kuapa. Inaweza kuwa shimio yenyewe. Lakini nikitoa moja, nitaona. Na miye nilikosa: nilimuuliza anakunywa nini, sikumuuliza ni nani atasikia uchungu akiniambia."

Kisha akamuambia Shangazi kwamba kinywa changu kina vidonda, kwamba sili, kwamba mugonjwa asiyekula hata shimio nzuri haimusaidii. Je, angeweza kubaki Butembo, anipikie uji wa soja na mahindi, laini, usio na pilipili, na jioni anisugue miguu kama Mama Jeanne atakavyomuonyesha?

"Nilikuwa munganga," Shangazi alisema. "Sasa nimekuwa mupishi?"

"Wapishi ni bachache hapa, mama. Baganga tuko bengi."

Muzee wa Alimbongo alicheka pekee yake. Shangazi hakucheka. Alichukua chupa yake ku meza, akaenda uani, na kutoka benchi nilimuona anaimwaga chini ya muti wa maparachichi, kidogo kidogo, kama mutu anayemwagia mayi kaburi jipya. Sitasahau mugongo wake.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa mabaya kupita yote. Hakuna shimio, hakuna chupa. Hakuna mulinzi hata mumoja. Kila asubuhi nilikwenda ku kioo cha chumba, nikavuta jicho chini. Kila asubuhi nilishika shingo. Shangazi hakuzungumza nami siku tatu, ila alipika. Uji uliwekwa mbele yangu na kopo likagongwa mezani kwa nguvu. Siku ya ine aliuonja mwenyewe kwanza, akaongeza sukari. Siku ya saba akaanza kunisugua miguu, na akiwa ameinama, asinione uso, akauliza, "Ulifikiri nitakuchukia?"

"Nilifikiri utarudi porini."

Aliendelea kusugua. "Miye pia naogopaka kule," alisema. "Hamukuniulizaka."

Ni kweli. Hakuna mutu aliyemuuliza. Sisi wote tulifikiri Shangazi haogopi.

Rangi ya papai ilitoka polepole. Siku Docteur aliposoma karatasi ya labo na kusema, "Leo tunaweza," Kambale, aliyekuwa amekuja, alitoka inje na kukaa juu ya rundo la muchanga, na nilipomufikia alikuwa analia na kofia usoni. Serumu ya ine, ya tano, ya sita. Ya mwisho ilikuwa katikati ya kiangazi, barabara yote vumbi, na mbegu ya shingoni ilikuwa imekwenda tena. Docteur hasemi "imeisha." Anasema "imelala," na kila miezi mitatu ninarudi ku benchi tuone kama ingali inalala.

Sikuandika hii kusema majani ni mabaya. Tangawizi ilinisaidia, asali ilinisaidia, na chupa ile sijui ilifanya nini, mema ao mabaya, Mungu anajua. Ninasema tu: weka ku meza. Na kama kuna mutu unayeogopa kumuumiza, mulete naye akae pale.

Siku ya kwanza ya kurudi kupimwa, tulikaa ku benchi, miye na Shangazi, yeye na termosi ya uji katikati ya miguu. Alinimiminia kopo moja. Nilikunywa lote. Nikafikiri: hii si dawa. Ni uji. Hakuna sheria juu ya uji.

"Wasingya, Shangazi," nilisema. Ni asante ya kwetu. Kwa mwaka muzima sikuwa nimemuambia hata mara moja.

Alishtuka, akatazama kulia na kushoto, kama mutu aliyesikia kitu kikivunjika. Akachukua kopo, akaangalia ndani, akalifunika. Waliita jina langu, nikaingia, nikatoka: ilikuwa imelala.

Mara iliyofuata tulikaa tena palepale. Niliogopa vilevile, usidhani hofu inazoeleka. Nilikunywa uji wangu nikitazama mulango wa bluu, nikamurudishia kopo bila neno. Shangazi alilishika, hakulifunika.

"Masika."

"Shangazi?"

"Na leo haushukuru?"